Vani ya kambi imefeli ukaguzi: kipi utengeneze, kipi ubadilishe, na lini uiache

Karatasi ya ukaguzi wa vani kuukuu ya kambi, ile yenye kitanda na jiko ndani, huwa ndefu, na urefu wake hutisha kuliko inavyostahili. Mistari kumi na tano ya makosa inaweza kuwa kazi ya spana ya siku chache. Mstari mmoja unaosema kuna kutu kwenye chesisi karibu na springi unaweza kuwa ndio mwisho wa gari. Kwa hiyo kabla ya kuagiza spea yoyote, gawa karatasi mafungu mawili: vinavyofunguliwa kwa spana na vinavyohitaji kuchomelewa. Fungu la pili ndilo linaloamua kama kuna haja ya kugusa la kwanza.

Wengi huanza kinyume. Hununua tairi, pedi na taa kwa kuwa ndivyo rahisi, kisha fundi wa kuchomelea anapochokonoa chini anakuta kizingiti cha mlango kimebaki rangi na lami tupu. Hapo pesa ya tairi imeshakwenda.

Kutengeneza yaliyoandikwa tu, au kufungua zaidi

Mkaguzi hafungui kitu. Haondoi mbao za ndani, hainui zulia, havui dramu. Anaandika anachokiona na anachokisikia akigonga, basi. Karatasi yake ni kiwango cha chini cha ubovu, na kwenye vani ya kambi kiwango hicho hupotosha zaidi kuliko kwenye vani ya mizigo, kwa sababu nusu ya bati imefichwa nyuma ya kabati, sufi ya kuzuia baridi na plaiwudi.

Kwa taa, waipa, honi na ufa wa kioo, tengeneza kilichoandikwa, yatosha. Kwa breki, fungua ekseli nzima hata kama kosa liko upande mmoja. Kwa kutu, ondoa samani zote zinazokaa juu ya sehemu iliyotajwa kabla hujakubaliana bei na fundi yeyote. Fundi anayekupa bei ya kuchomelea bila kuona upande wa ndani anakisia, na makisio hayo hupanda kila mara, hayashuki.

Ukiwa chini ya gari, chukua nyundo ndogo na bisibisi butu. Bati zima hutoa mlio mkali na nyundo inaruka. Bati lililoliwa hutoa mlio mfu, na bisibisi ikisukumwa kwa kiganja inazama. Lami nene ya chini ya gari ndiyo inayodanganya zaidi: inashika umbo la chuma hata chuma chenyewe kikiwa kimekwisha. Ikwangue pale inapofura au inapopiga mlio tofauti na jirani yake.

Vani za kambi zina kutu ya aina yake. Maji hayatoki barabarani tu, yanatoka ndani pia: mvuke wa kupikia na wa pumzi za usiku hugeuka matone kwenye bati baridi nyuma ya sufi, kisha hutiririka hadi chini ya kuta na kukaa. Tazama pia kingo za madirisha na matundu ya paa yaliyokatwa baadaye na aliyeigeuza vani. Kama hakupaka praima kwenye ukingo alioukata, kutu huanzia hapo. Vilevile skrubu za kabati zilizopenya sakafu: kila skrubu ni tundu la maji. Kwenye Volkswagen T3 zilizotoka kati ya 1979 na 1992, anza na mistari ya maungio ya mabati ubavuni, maana gundi iliyo ndani yake hupasuka na kunywa maji.

Kiraka, sehemu nzima, au bodi nyingine

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Kiraka kinafaa pale tundu ni dogo na chuma cha kukizunguka ni kizima. Kipimo cha vitendo ni hiki: kata mpaka ufikie bati linalong'aa, lenye unene wake wa awali. Ukilazimika kukata hadi kwenye kona, kwenye ungio la mabati mawili au kwenye tundu la bolti, kiraka kimeshindwa kazi. Kiraka kilichochomelewa juu ya chuma chembamba hupasuka pembeni mwa mshono, kwa sababu joto limekiongezea udhaifu chuma kilichokuwa tayari dhaifu. Ndiyo maana gari lililotiwa viraka mwaka juzi hurudi likiwa na matundu sentimita mbili kutoka pale pale.

Sehemu nzima, yaani kizingiti kamili, mkono wa chesisi au kona ya sakafu iliyokunjwa tayari, ni ghali kununua lakini mara nyingi ni nafuu kuchomelea. Fundi hatumii saa nne kukunja bati kwa mkono, na mishono inaangukia pale kiwanda kilipoiweka. Ubaya wake ni kwamba hazipatikani kwa kila modeli. Volkswagen za zamani zina karibu kila kipande. Vani za mizigo za kawaida zilizogeuzwa kuwa za kambi mara nyingi zina vizingiti na kona za chini tu, vingine vyote unakunja mwenyewe.

Bodi nyingine, yaani kuhamishia kitanda, jiko na matangi kwenye vani nyingine ya modeli ileile, huonekana kama wazimu hadi uhesabu saa. Inafaa pale samani ni nzuri, injini inahamishika, na kutu imefika sehemu tatu zinazobeba uzito: mahali springi na shokapu zinapofungwa, mahali mikanda ya viti inaposhikwa, na fremu ya kioo cha mbele. Hakikisha urefu kati ya ekseli na kimo cha paa ni vilevile, la sivyo kabati hazitaingia bila kukatwa. Mfumo wa gesi usihamishwe kama ulivyo: mabomba yanakatwa na kuwekwa upya, na kupimwa uvujaji na mtu mwenye cheti.

Kati ya hizo tatu, ukinitaka nichague bila kuona gari, nitasema sehemu nzima. Kiraka kina heshima yake kwenye sakafu bapa na sehemu ya chini ya milango. Karibu na springi, usukani au mikanda, sikiamini. Ukaguzi wa Uingereza, kwa mfano, huhesabu kama eneo nyeti kila kilichomo ndani ya sentimita 30 kuzunguka mahali hapo, na hata kama sheria ya kwenu ni tofauti, kipimo hicho ni cha akili.

Kama unasimamia kazi ya kuchomelea, haya ndiyo ya kuangalia. Bati la mwili huwa la takriban milimita 1, la chesisi 1.5 hadi 2, na kiraka kisiwe chembamba kuliko kilichokuwapo. Mashine ya MIG, ile inayolisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 na mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi ndiyo inayofaa. Anza na ampea 40 hivi kwa kila milimita ya unene, urekebishe kwenye kipande cha majaribio. Fundi achomelee vipande vya sentimita mbili, aruke upande wa pili, apumzishe, arudi, mpaka mishono ikutane mfululizo. Akivuta mshono mmoja mrefu kwa pumzi moja, bati linajikunja. Bodifila (plasta ya kujazia bodi), rivet na gundi ya faiba havina nafasi kwenye sehemu inayobeba uzito, na mkaguzi huvigundua kwa sumaku na kwa nyundo.

Sasa hatari ambayo ni ya vani za kambi peke yake: moto. Sufi ya povu huyeyuka na kuwaka nyuma ya bati bila mchomeleaji kuona. Toa mtungi wa gesi nje ya gari, vua plaiwudi na sufi angalau nusu mita kutoka kwenye mshono pande zote, ondoa pazia na godoro, na mtu wa pili akae ndani na kizimamoto wakati wa kazi na kwa saa nzima baada yake. Chomoa betri zote mbili, ya injini na ya ndani, pamoja na chaja ya sola, maana paneli juani haizimiki kwa kuchomoa betri. Bati lenye zinki likwanguliwe kwanza. Moshi wake mweupe unaumiza kifua.

Baada ya kuchomelea, paka praima pekee na usifunike kwa lami nzito mpaka ukaguzi wa marudio upite, kwa sababu mkaguzi anataka kuona mshono. Ukishapita, lami nje, na ndani ya maboksi ya chesisi pulizia nta nyepesi inayotambaa. Hatua hii ya mwisho huachwa na wengi, na bila hiyo mshono mpya huoza kutokea ndani, upande ambao moto umeunguza rangi.

Breki: upande mmoja au ekseli nzima

Vani ya kambi hufeli breki kwa sababu hukaa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, unyevu huo unatulia sehemu za chini, na pistoni iliyosimama miezi sita inashika kutu mahali pamoja. Siku ya kipimo upande mmoja unavuta vizuri, mwingine hauvuti, na karatasi inaandikwa kwamba breki hazilingani.

Kabla ya kununua kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, tafuta mgando uko wapi. Inua gurudumu, kanyaga breki, achia, kisha lizungushe. Likikwama, fungua nipeli ya kutolea upepo robo mzunguko. Lisipolegea hata hapo, kosa ni la chuma: pistoni imekwama au pini za kalipa zimekauka. Likilegea, presha ilikuwa imenaswa. Funga nipeli, kanyaga tena, safari hii legeza nati ya juu, pale bomba la chuma linapoungana na hozi ya mpira. Gurudumu lisipolegea kwa nati hiyo lakini likalegea kwa nipeli, hozi imevimba ndani na inapitisha mafuta upande mmoja tu. Hozi ni spea ya bei ndogo, na kalipa nyingi nzima hutupwa kwa ajili yake.

Ikiwa ni kalipa kweli, kuna njia mbili: kubadilisha sili (pete ya mpira inayozuia uvujaji) au kununua nzima. Kwenye kalipa sili imekaa kwenye mfereji wa mwili na pistoni ndiyo inayoteleza ndani yake, hivyo uso wa pistoni ndio unaotoa hukumu. Ukiwa na vidimbwi vinavyoshika ukucha, sili mpya itavuja baada ya muda mfupi. Nunua pistoni mpya pamoja na sili, au kalipa nzima. Kwenye silinda ndogo ya dramu mambo ni kinyume: mpira umevaa pistoni na unateleza kwenye kuta, kwa hiyo kuta zikiwa na vidimbwi silinda nzima inatupwa. Kwa bei ilivyo ndogo kwa kawaida, silinda ya dramu haistahili muda wa kuifungua.

Vyovyote uchaguavyo, pedi, hozi na silinda zinabadilishwa pande zote mbili za ekseli. Upande mpya na upande mzee havitalingana kwenye mashine, na utarudi na karatasi ileile.

Breki za nyuma zikiwa dhaifu pande zote mbili kwa kiasi sawa, acha dramu kwanza utazame vali ya kugawa presha kwa uzito, ile yenye fimbo au springi inayoshika ekseli. Hugandishwa na kutu ikiwa kwenye nafasi ya gari tupu. Mtu akiwa ameinua gari kwa springi ndefu bila kurekebisha fimbo hiyo, vali inasoma kwamba gari halina mzigo, ingawa limebeba jiko na maji lita mia.

Mabomba ya breki yakiwa na kutu yenye magamba, yabadilishe yote ya upande wa chini kwa mkupuo. Ukifungua nati moja iliyoganda, bomba la jirani hujikunja nalo. Chaguo la chuma cha bomba ni hili:

| | Chuma kilichopakwa | Shaba-nikeli | Shaba tupu |
|---|---|---|---|
| Kutu | Huanza mpako wa juu ukikwaruzwa | Haishiki kutu nyekundu | Haishiki kutu nyekundu |
| Kupinda kwa mkono | Ngumu, huhitaji kifaa | Rahisi | Rahisi sana |
| Kutengeneza mdomo wa bomba | Ngumu kwa kifaa cha bei ndogo | Laini na safi | Laini, hupasuka ikirudiwa |
| Mtetemo | Huvumilia | Huvumilia | Hukakamaa na kupasuka isipobanwa vizuri |

Shaba-nikeli inashinda kwa mbali kwa anayefanyia kazi sakafuni. Kipenyo cha kawaida ni milimita 4.75. Kuna aina mbili za mdomo, ule wa kukunjwa mara mbili na ule wa duara kama kitufe, na hazichanganyiki: linganisha na ulioukata kabla ya kutengeneza mpya. Nati pia zina uzi tofauti, M10x1 ni ya kawaida kwenye magari ya milimita lakini magari ya asili ya Marekani na Uingereza ya zamani huwa na uzi wa inchi. Nati ikiingia mizunguko miwili kisha ikakaza, itoe, uzi si wake. Bana bomba kila sentimita 25 hadi 30, na kamwe usiunganishe kwa vibanio vya mabomba ya maji.

Jaza mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4, lita moja hivi kwa vani nzima, na toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kimesema vingine. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 huchanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na yoyote kati ya hizo, ingawa jina linafanana.

Usukani na springi

Boljointi na tairodi, yaani viungo vya usukani, zenye mchezo hubadilishwa bila mjadala. Linalobishaniwa ni bushi, vile vizibo laini kwenye maungio ya chuma: za mpira au za polyurethane? Za mpira ni laini, hazilii, na huingizwa kwa presi. Za polyurethane huingia kwa mkono na hudumu, lakini hutetemesha samani, na kwenye gari lenye vyombo vya jikoni utazisikia kila kilomita. Kwa vani ya kambi, mpira. Baada ya tairodi, peleka alaimenti kabla ya kuweka tairi mpya.

Tairi

Tairi za vani ya kambi huzeeka kabla ya kuisha. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) ikiwa nene lakini ubavu una nyufa, tairi imekwisha. Chagua zenye herufi C au CP baada ya saizi. Tairi za gari dogo zenye saizi ileile hazibebi uzito huo.

Taa

Taa ya breki ikififia unapowasha indiketa, tatizo karibu siku zote ni ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) ambayo taa hizo hutumia pamoja, na balbu mpya haitasaidia. Weka multimita kati ya ganda la taa na ncha hasi ya betri taa ikiwa inawaka: zaidi ya volti 0.2 ina maana kiungo kimechafuka. Kifungue, sugua hadi chuma king'ae, funga tena na grisi juu yake. Balbu za LED ndani ya taa kubwa zilizotengenezwa kwa haloji hutawanya mwanga na nchi nyingi hazizikubali. Rudisha haloji na ung'arishe kioo cha taa.

Moshi

Kwa dizeli, badilisha kichujio cha hewa na mafuta ya injini, kisha endesha nusu saa kwa mwendo wa barabara kuu uingie kwenye kipimo ikiwa bado moto. Kwa petroli, ziba kwanza matundu ya ekzosi: hewa inayoingia hapo huidanganya sensa ya oksijeni, nayo huongeza mafuta bila sababu, na katalaiza, kisafisha moshi cha ekzosi, hulaumiwa.

Mwenyewe au gereji

Pedi, hozi, taa, tairi na samani za kuvua ni kazi ya mwenye gari aliye na stendi mbili imara, si jeki peke yake. Kuchomelea kwenye chesisi na mfumo wa gesi viende kwa mwenye ujuzi. Mpangilio unaookoa pesa nyingi ni wa nusu kwa nusu: wewe vua mbao, kwangua lami, ondoa tangi la maji na uoneshe bati tupu, fundi aje kukata na kuchomelea tu. Mwambie akupigie picha baada ya kukata na kabla ya kufunika, moja kwa kila tundu. Kwenye picha hiyo utaona kama ukingo uliobaki ni chuma kinachong'aa au ni kahawia. Kama ni kahawia, mwambie akate zaidi kabla hajawasha mashine.